Barua ya TASAF inasema "umehitimu": maana yake nini, na ufanye nini?

Mtoto akihitimu darasa la saba, nyumbani huchinjwa kuku. Kwa hiyo bibi wa miaka sabini na kitu akiletewa barua yenye muhuri wa halmashauri, mjukuu akamsomea na kumwambia, "Bibi, umehitimu," si ajabu bibi akafurahi. Ataikunja vizuri, ataiweka kwenye sanduku pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo. Atakuja kushtuka siku ya malipo, wenzake wakiitwa mmoja mmoja na jina lake halimo.

Maswali ya namna hii yanatufikia sana hapa redioni. Wengine wanapiga simu, wengine wanatuma ujumbe, na wapo wanaopita studio wakitoka mnadani na barua iliyochakaa mfukoni. Hewani muda ni mfupi na si kila mtu anawahi kuchukua kalamu. Ndiyo maana tumeliandika jambo hili hapa, ulisome taratibu au usomewe. Mimi si mwanasheria, nina cheti cha utangazaji. Lakini barua za ofisini nimezisoma nyingi, na nimegundua kwamba karibu zote zimejengwa kwa namna moja. Ukiijua namna hiyo, nusu ya hofu inaisha.

Tuanze na TASAF yenyewe kwa kifupi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianza mwaka 2000. Miaka ya mwanzo ulijulikana zaidi kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, huu wa kupewa ruzuku kaya kwa kaya, ulikuja na awamu ya tatu, ukazinduliwa mwaka 2012. Kipindi cha pili cha awamu hiyo kilizinduliwa Februari 2020. Nataja miaka hii kwa sababu moja: mpango huu una vipindi, na haukuanzishwa kama pensheni ya mtu mpaka anapokufa. Wengi wetu hatukuelezwa hivyo siku ya kuandikishwa, au tulielezwa tukiwa tunasubiri zamu na hatukusikia vizuri.

Barua ikoje

Hapa chini nimetunga barua ya mfano. Si ya mtu yeyote, lakini ukiiweka karibu na ya kwako utaona zinafanana kama ndugu.

"YAH: MATOKEO YA TATHMINI YA KAYA ZA WALENGWA. Tafadhali husika na somo la hapo juu. 2. Kufuatia zoezi la tathmini ya hali ya maisha ya kaya za walengwa lililofanyika katika eneo lako, kaya yako imebainika kuimarika kiuchumi na hivyo kukidhi vigezo vya kuhitimu. 3. Kwa barua hii unajulishwa kuwa uhawilishaji wa ruzuku kwa kaya yako utakoma kuanzia dirisha la malipo lijalo. 4. Aidha, unashauriwa kuendelea na shughuli za kuongeza kipato kupitia vikundi. Endapo una malalamiko, yawasilishwe kwa kufuata utaratibu."

Umeelewa? Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuisoma yote bila kukwama, na asijue imesema nini. Hilo si kosa lake. Ni Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha ofisini, na huko Bassotu au Balangdalalu kuna nyumba ambazo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili baada ya Kiiraqw au Kibarbaig.

Basi tuichambue. Juu kabisa kuna jina la ofisi iliyoandika. Iangalie kwanza, maana si kila karatasi inayotaja TASAF imetoka TASAF. Halafu kuna "Kumb. Na.", yaani kumbukumbu namba, zile herufi na tarakimu zenye mikwaju katikati. Watu huziruka, lakini ofisini ndizo zinazoonyesha jalada lako liko wapi. Ukipiga simu au ukienda, taja namba hiyo kabla ya jina lako, utaona afisa anavyochangamka. Pembeni kuna tarehe. Hiyo ni tarehe barua ilipoandikwa, si siku uliyoipata wewe, na kutoka Katesh mpaka kitongojini barua inaweza kukaa njiani wiki tatu kwenye begi la mtu. Ukiipokea, andika nyuma yake kwa kalamu: "Nimepokea tarehe fulani, kwa mkono wa fulani." Kama kuna siku za mwisho za kulalamika, mstari huo utakutetea.

"YAH" ni kifupi cha "yahusu". Hapo ndipo jambo lenyewe linatajwa. Aya ya kwanza, ile ya "tafadhali husika na somo la hapo juu", ni salamu tu za kiofisi, ipite. Uzito uko aya ya pili na ya tatu: ya pili inatoa sababu, ya tatu inatoa uamuzi. Mimi humwambia mtu aanze na ya tatu. Mwishoni utaona sahihi, na mara nyingi mbele ya cheo kumeandikwa "Kny", yaani "kwa niaba ya". Maana yake aliyesaini si mkurugenzi mwenyewe bali mtu aliyepewa kazi ya kumsainia, na hilo ni jambo la kawaida, barua haiwi batili kwa sababu hiyo. Chini kabisa kuna "Nakala", orodha ya watu wengine waliopelekewa barua hiyohiyo. Kama mtendaji wa kijiji chako ametajwa pale, hawezi kukuambia hajui lolote. Naye ana nakala, au alitakiwa kuwa nayo.

Sasa yale maneno magumu. "Walengwa" ni nyinyi mnaopokea. "Uhawilishaji" ni kuhamisha fedha kutoka Serikalini kuja kwenu, basi. "Dirisha la malipo" halina uhusiano wowote na dirisha. Ni kipindi cha malipo, na kwa kawaida ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili. Mzee mmoja alinieleza kwamba alikwenda ofisi ya kata akatafuta dirisha la kulipia, akaambiwa hakuna, akarudi nyumbani akijua amedanganywa. Hata mimi ningeelewa kama yeye.

Tafuta kitenzi

Barua nyingi za TASAF zinazowachanganya watu zinasema jambo moja kati ya machache, na linajulikana kwa kitenzi. Ukikosea kitenzi utakwenda mlango usio wako na kupoteza nauli.

"Kuhitimu" ni kutolewa kwenye ruzuku kwa sababu tathmini imeonyesha kaya yako imepiga hatua. Ukweli niuseme: neno hili limechaguliwa vibaya. Aliyelichagua alitaka kuwapa watu heshima, kwamba hamfukuzwi, mmefaulu. Lakini neno ambalo mpokeaji anaweza kulishangilia wakati anaondolewa halijamweleza kitu. Wangeandika "ruzuku yako imefikia mwisho", kila mtu angeelewa.

"Kusitishwa" au "kusimamishwa" ni jambo jingine. Mara nyingi hapo wewe bado ni mlengwa, ila malipo yamezuiwa kwa sababu fulani. Inaweza kuwa taarifa zako hazijahakikiwa, inaweza kuwa namba ya simu haisomi. Hili linarekebishika, na linarekebishika haraka zaidi kuliko kuhitimu.

"Kukatwa" au "kupunguzwa" mara nyingi linahusu masharti. Sehemu ya ruzuku inakwenda na mahudhurio: mtoto wa shule anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na watoto wadogo wapelekwe kliniki. Kama mtoto alikuwa malishoni na ng'ombe mwezi mzima, jibu unalo. Kama alikuwa darasani na daftari la mwalimu halikujazwa, hilo ni la kupeleka kwa mwalimu mkuu kabla hujaenda popote pengine.

"Kuhuisha taarifa" ni kuzisahihisha ziendane na hali ya sasa. Barua ikisema uhuishe taarifa zako, hujaondolewa. Unaitwa. Lakini usipoitika, barua itakayofuata inaweza kuwa na kitenzi kibaya zaidi.

"Kuondolewa" kwa kukosa sifa ndilo kali kuliko yote. Hapo wanasema hukustahili tangu mwanzo, au kwamba mlengwa amefariki au amehama. Mwaka 2016 Serikali ilifanya uhakiki mkubwa nchi nzima na kaya nyingi zikaondolewa, zikiwemo zilizoingizwa kwa kujuana na viongozi. Lakini katika uhakiki wowote mkubwa wapo wanaofagiliwa na takataka wakati wao ni nafaka. Ukiona neno "kurejesha" limeandamana na hilo, yaani unadaiwa fedha ulizopokea, usilipe kitu siku hiyo. Usiuze mbuzi. Omba kwanza hesabu yake kwa maandishi, na hapo tafuta msaada wa kisheria, nitalieleza mbele.

Nani ameamua?

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa kijijini unapoanzia. Mtu akisomewa kwamba ametolewa, anaanza kumtazama mwenyekiti, anakumbuka ule ugomvi wa mpaka wa shamba wa mwaka juzi, na jioni nyumba mbili hazisalimiani.

Utaratibu ni huu. Kaya za kwanza kuingia zilitajwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wakitazamana usoni. Halafu kila kaya iliulizwa maswali ya dodoso: mko wangapi, nyumba imejengwa kwa nini, paa ni nyasi au bati, mna mifugo gani, mnapikia nini, nani amesoma mpaka wapi. Majibu yakaingizwa kwenye mfumo, na mfumo ukapiga hesabu ya nani yuko chini ya mstari na nani yuko juu. Tathmini ya kuhitimu inakwenda kwa njia inayofanana na hiyo. Maana yake mtendaji hana kalamu ya kukufuta kwa siri, na hana kalamu ya kukurudisha pia. Anayekuambia "nipe elfu ishirini nikurudishe" anauza kitu asichokuwa nacho. Huyo ni wa kuripoti TAKUKURU kwa namba 113, haitozwi.

Lakini mfumo unakula unacholishwa, na kwa maeneo yetu ya Hanang na Mbulu kuna jibu moja linaloharibu hesabu mara kwa mara. Ng'ombe. Desturi ya kumkabidhi ndugu au rafiki ng'ombe awatunze, anywe maziwa na mwenye mali abaki na mali yake, ni ya zamani kwa Wairaqw na Wabarbaig. Mjane anaweza kuwa na ng'ombe wanne zizini na asimiliki hata kwato moja. Anakuja kijana na kishikwambi, anauliza, "Mama, mna ng'ombe?" Anajibu, "Wapo." Anauliza wangapi, anajibu wanne. Hajaongopa. Na kijana hajakosea, ameandika alichojibiwa. Ila kwenye mfumo mama huyu tayari ni mfugaji.

Bati nalo ni hivyohivyo. Kuna aliyebana ruzuku ya miezi sita akaezeka bati kumi ili wajukuu wasilowe. Kuna aliyeezekewa na mwanawe aliyeko Arusha ambaye baada ya hapo hajatuma tena hata shilingi. Bati linaonekana kwa mbali, njaa haionekani.

Kwa hiyo kama barua inasema umehitimu na wewe unajua hali si hiyo, swali la kuuliza ofisini si "nani kaniondoa?" Swali ni "Dodoso langu limeandikwa nini?" Hilo linaweza kujibiwa na likikutwa na kosa linaweza kusahihishwa. Lile la kwanza litaleta maneno tu.

Nikiri pia upande wa pili. Zipo kaya ambazo kweli zimeinuka. Walianza na kuku, wakapata mbuzi, wakaingia kikundi cha kuweka akiba na kukopa, leo wanasomesha. Kwao barua ya kuhitimu ni haki, na nafasi ile inatakiwa iende kwa mwingine. Kama ni wewe, usilale tu. Kikundi chako cha akiba hakifi kwa sababu ruzuku imekoma, na kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumuuliza.

Kutoka kijijini mpaka juu

Anza na kamati ya jamii ya TASAF na mtendaji wa kijiji. Nenda na barua, kitambulisho chako cha mlengwa na kitambulisho cha NIDA, au namba yake kama kadi hujapata. Nenda na mtu unayemwamini anayesoma vizuri, na kama Kiswahili kinakupa shida, nenda na mtu wa kukutafsiria. Si aibu, na hakuna afisa mwenye haki ya kukukataza. Salimia, kisha uliza mambo matatu tu: kitenzi cha barua hii kwangu ni kipi, sababu ni ipi, na mwisho wa kulalamika ni lini. Ukiingia na malalamiko kumi ya tangu 2014 utatoka bila jibu la hata moja.

Kama hakuna jibu, ngazi inayofuata ni mratibu wa TASAF katika halmashauri. Kwa wa Hanang ofisi za halmashauri ziko hapahapa Katesh. Wa Mbulu, kumbukeni kuna halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, angalia barua yako imetoka ipi kabla hujalipa nauli. Juu ya hapo kuna makao makuu ya TASAF, ambao nao wanapokea malalamiko. Ngazi hizi zifuate kwa mpangilio, la sivyo utarudishwa chini.

Kuna sheria mbili zinazofaa kukaa kichwani. Ya kwanza ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anatakiwa kusaidiwa na afisa kuliandika ombi lake. Dodoso la kaya yako ni taarifa yako. Liombe kwa upole, lakini liombe. Ya pili ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi wilayani bila kumtoza mnyonge. Muulize afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii akuonyeshe walipo. Hao ndio wa kuwaona kama umeambiwa urejeshe fedha.

Halafu upo mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Malalamiko ya TASAF yanaweza kuulizwa pale, mbele ya watu, na muhtasari ukaandikwa. Nasikitika kusema kwamba walengwa wengi, hasa kina mama, hawaendi, au wanakwenda wanakaa nyuma karibu na mlango. Kama mko sita mliopata barua moja, nendeni sita na msimame pamoja.

Kama shida ni simu au jina

Tangu malipo ya walengwa wengi yaingie kwenye simu na benki, sehemu kubwa ya barua za "kusitishwa" ni za majina kutofanana. Na majina yetu haya! Jina linaloanza na Gida au Uda linaweza kuandikwa kwa namna tatu na waandishi watatu waliotoka mikoa mitatu: TASAF hivi, NIDA vile, kadi ya mpiga kura vingine. Kompyuta haijui kwamba ni mtu mmoja.

Piga *106# kwenye simu yako, haikati hela, ujue ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba uliyoiandikisha TASAF imesajiliwa kwa jina la mkwe au la kijana aliyehamia mjini, umeshapata ugonjwa. Sajili laini kwa jina lako mwenyewe kisha umpelekee mtendaji namba mpya. Kama ni herufi za jina zinazopishana, anza na barua ya utambulisho ya mtendaji. Ikikataliwa ndipo uende kwa hakimu au wakili kula kiapo cha jina.

Kwa waliopatwa na maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 hapa Katesh na Gendabi, mambo ni magumu zaidi. Zaidi ya watu 80 walifariki, na kwa waliobaki tope lilichukua kila karatasi. Mlengwa aliyepoteza kitambulisho aanze polisi apate taarifa ya upotevu, kisha kwa mtendaji. Na aliyehamia kwenye nyumba za waathirika kule Waret akumbuke kwamba kaya inaandikishwa kwa kijiji chake. Ukihama bila kutoa taarifa, kijiji cha zamani wanakuona umetoweka na kijiji kipya hawakujui. Barua ya "mlengwa amehama" inaweza kuandikwa kwa nia njema kabisa. Peleka taarifa pande zote mbili. Na kama mkuu wa kaya alifariki siku ile, kaya haijafa naye. Waliobaki waombe jina la mpokeaji libadilishwe.

Barua ambazo si barua

Kila orodha mpya ikitoka, matapeli nao huamka. Utapokea ujumbe kwamba ruzuku yako imekwama, tuma kiasi fulani ili ifunguliwe, au toa namba ya siri "tuhakiki". Hakuna malipo ya Serikali yanayofunguliwa kwa wewe kutuma hela kwanza. Usijibu, usipige. Uhamishie ujumbe huo namba 15040, ndiyo ya kuripotia utapeli wa simu.

Kuna na ule uvumi wa pensheni ya wazee, unaozunguka WhatsApp na kuwafanya wazee wa huku wapange foleni bure. Pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 ipo, lakini ni ya Zanzibar. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Kenya nao wana yao, Inua Jamii. Bara hatuna ya namna hiyo. Mzee wa Hidet akiona fomu ya "pensheni ya wazee" yenye ada ya kujaza, aichane.

Maneno ya kuandika

Wengi mnatuomba mfano wa barua ya malalamiko. Huu hapa, unaweza kuunakili kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, haihitaji kuchapwa:

"Kwa Mratibu wa TASAF, kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji. Yah: Malalamiko kuhusu barua yenye Kumb. Na. ... ya tarehe ... Mimi ni mlengwa wa kijiji cha ..., namba yangu ya mlengwa ni ... Nilipokea barua hiyo tarehe ... Barua inasema kaya yangu imehitimu. Sikubaliani kwa sababu ng'ombe wanne waliohesabiwa si mali yangu, ni wa kutunza, na mwenye mali yupo tayari kuthibitisha. Kaya yangu ina watu ..., wanaosoma ni ... Naomba mambo mawili: kuonyeshwa taarifa za dodoso la kaya yangu, na kaya yangu ifanyiwe tathmini upya. Namba yangu ya simu ni ..."

Badilisha sababu iwe ya kwako. Weka moja au mbili za kweli, zenye shahidi. Usiandike kwamba mwenyekiti anakuchukia, hata kama ni kweli, kwa sababu halimo kwenye dodoso na hakuna atakayelipigia hesabu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na aliyemwandikia aandike jina lake pembeni.

Andika nakala mbili. Moja waachie ofisini, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Akikuambia muhuri haupo leo, aandike kwa kalamu "nimepokea", asaini na aweke tarehe. Akikataa hata hilo, rudi siku inayofuata na mtu mwingine wa kushuhudia, au pitia mfumo wa e-Mrejesho wa Serikali kwa kupiga *152*00#. Karatasi hiyo yenye muhuri usimpe mtu mwingine hata akikuambia anaipeleka Katesh. Piga picha kwa simu, mpe picha.